Kabla mzee wako hajapigwa shoti ya ubongo, angalieni haya

Siku ya kwanza ya shoti, yaani ECT, matibabu ya kupitisha stima kichwani kwa mtu mwenye huzuni nzito, tulirudishwa nyumbani Njoro kwa sababu ya chai. Shangazi alimhurumia mama, akampa kikombe cha chai ya maziwa saa kumi na moja asubuhi, na mtu anayeenda kulazwa usingizi hafai kuwa na kitu tumboni: chakula kinakatwa angalau masaa 6 kabla, maziwa pia ni chakula, maji matupu kidogo mara nyingi wanaruhusu mpaka masaa 2 kabla. Mwambieni kila mtu kwa nyumba.

Mama ana miaka 74, ana presha na sukari, na alikuwa ameacha kula, uji unapoa mbele yake mpaka unafanya utando na hata hauangalii. Nilidhani mwili wake hautaweza. Kumbe wazee wenye huzuni nzito hivyo ndio mara nyingi wanaitikia shoti vizuri, na vidonge huchukua wiki kadhaa kushika, sasa mtu asiyekula hizo wiki atazitoa wapi?

Si ile shoti ya zamani ya kushikwa na watu wanne. Analala kabisa, anapewa dawa ya kulegeza misuli, stima inapita sekunde chache, ubongo unapata kifafa ambacho kawaida hakifikishi dakika moja. Kazi iko kwa moyo, presha na mapigo yanapanda ghafla, kwa hivyo daktari wa usingizi lazima ajue kama mzee amepata stroke au shambulio la moyo juzijuzi, kama ana uvimbe kichwani, kama amewekewa kifaa cha moyo. Usingoje aulize.

Dawa zote zibebe na pakiti zake, hata za usingizi, za kifafa, za kufanya damu iwe nyepesi. Ya presha huwa anameza na tone la maji, ya sukari ya asubuhi mara nyingi inangoja, lakini ulizeni, msijiamulie. Meno bandia yanatolewa, na jino linalotikisika lisemwe.

Mama mwenyewe aelezwe na akubali, msimsainie tu mkiwa nje kwa korido.

Pangeni fare pia, ni mara 2 au 3 kwa wiki, kwa kawaida 6 hadi 12 kwa jumla. Akiamka kichwa kinauma, anachanganyikiwa kidogo, anasahau mambo ya karibuni. Tulimwekea daftari kando ya kitanda: leo ni Jumatano, umetoka hospitali, ng'ombe ameshakamuliwa. Alikuwa anaisoma, anauliza tena, anaisoma.