Kipupwe Lake Tyrrell: namna ya kulala hemani bila kuganda

Ukiwa Melbourne na una siku tatu Julai, achana na pwani. Shika Calder Highway hadi Sea Lake, kama kilomita 350 kaskazini-magharibi. Hapo ndipo lilipo Lake Tyrrell, ziwa la chumvi kubwa kuliko yote katika jimbo la Victoria, Australia. Kiangazi huwa jangwa jeupe tu. Mvua za baridi zikishanyesha, hutandaza maji ya kina cha vidole, na upepo ukitulia hujui anga linaishia wapi.

Ondoka asubuhi. Jua huzama kwenye saa kumi na moja na nusu, na giza likianza kuingia kangaruu hujaa kando ya barabara. Hawana adabu ya kusubiri gari lipite. Ukifika Wycheproof punguza mwendo, reli inapita katikati ya barabara kuu ya mji. Jaza tangi kabla hujaacha lami.

Kambi piga Green Lake, kusini kidogo ya Sea Lake. Sasa tuongee baridi. Watu hununua begi zito la kulalia wakadhani wamemaliza, kumbe baridi inatoka chini. Godoro la kupuliza limejaa hewa, na hewa hiyo hupoa usiku kucha. Tandika mkeka wa sponji, na blanketi la sufu juu ya godoro. Chemsha maji, jaza chupa ya mpira, itangulize miguuni kabla hujaingia. Soksi za mchana vua, zina jasho hata kama hulihisi. Nguo za kesho lala nazo ndani ya begi, alfajiri utanishukuru. Dirisha la hema liache wazi kidogo, la sivyo pumzi zako zitageuka matone na kukudondokea usoni. Na jiko, la gesi au la mkaa, lisiingie hemani hata dakika moja. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Ziwani gari libaki maegeshoni. Ule ukoko wa chumvi unadanganya: juu mgumu, chini tope. Vaa mabuti ya mpira, tembea polepole usiyatibue maji, na jioni hiyohiyo suuza viatu na stendi ya kamera kwa maji yasiyo na chumvi.

Usiku usio na mwezi, toka tena. Waboorong, wenyeji wa hapa, walisifika kwa elimu ya nyota. Nyota Vega, inayoonekana chini upande wa kaskazini, wao waliiita Neilloan, yule ndege wa nyika anayefukia mayai yake kwenye kichuguu cha mchanga.

Siku ikibaki, nenda Pink Lakes, maziwa ya chumvi yenye rangi ya waridi ndani ya hifadhi ya taifa ya Murray-Sunset, karibu na mji wa Underbool. Uwaridi wake hukolea asubuhi, jioni, au kukiwa na mawingu. Ila kama imenyesha usiku, ulizia kwanza hali ya barabara; udongo ule ukilowa huteleza vibaya, na wa kukuvuta hayuko karibu.