Kufufua redio ya valvu ipige muziki wa simu

Mwongozo huu ni wa redio za mezani za miaka ya 1950 na 1960, zinazotumia valvu (mirija ya kioo yenye nyuzi zinazopashwa moto, iliyotangulia transista), zile Philips, Grundig na Murphy ambazo bado ziko kwenye nyumba za zamani za Moshi na Arusha. Usiichomeke ukutani kujaribu kama inawaka. Jaribio hilo ndilo huua redio nyingi.

1. Soma herufi ya kwanza ya jina la valvu

E (ECH81, EL84): nyuzi za volti 6.3, na kwa kawaida kuna transfoma. Hii ndiyo ya kufufua. D (DK96, DL96): redio ya betri, ya enzi umeme haujapanda migombani. Nyuzi zake ni za volti 1.4, umeme wa ukutani utazikata zote. U (UCH81, UL84): mara nyingi haina transfoma, na chesisi (bati la chuma linalobeba vifaa) yenyewe inaweza kuwa na umeme. Usiiunganishe na simu kamwe. Tafuta redio nyingine.

2. Safisha

Brashi kavu inatosha. Kioo cha stesheni usikiguse kwa spiriti, maandishi yatatoka.

3. Kapasita ya gridi

Hapa usiwe na haraka. Kati ya anodi (mguu wa kutolea sauti) ya valvu ya kwanza ya sauti na gridi (mguu wa kupokelea) ya EL84, valvu inayoendesha spika (pini ya 2, geuza chesisi, hesabu kufuata saa kuanzia kwenye pengo) kuna kapasita ya karatasi, kwa kawaida mikrofaradi 0.01 hadi 0.022. Ikivuja, gridi inakuwa chanya, EL84 inavuta mkondo kupita kiasi, inaungua, na inaweza kuondoka na transfoma ya spika.

Mita itakudanganya. Kapasita inayovuja kwa megaomu 50 itaonyesha OL (nje ya kipimo) kwenye mita nyingi, na utaiona nzima. Lakini ikiwa na volti 80 upande wa anodi na rezista ya megaomu 1 kwenye gridi, inapitisha takriban volti 1.6. Kwa hiyo usipime, badilisha. Weka ya plastiki ya volti 630. Ya volti 250 siipendi hapa, kwa sababu valvu zikiwa bado baridi volti hupanda kuliko kawaida.

Ukishawasha (hatua ya 5), pima pini ya 2 kwa mita ya dijitali, waya mweusi kwenye chesisi. Inatakiwa ikae karibu na sifuri hata baada ya nusu saa. Ikipanda, zima, subiri chaji iishe, fungua mguu mmoja wa kapasita, kisha washa na upime tena. Volti zikitoweka, kapasita ni mbovu. Zikibaki, EL84 yenyewe imechoka. Pima pia pini ya 3: karibu volti 7 ni sawa, ikifika 11 au 12, zima.

4. Kapasita kubwa za kuchuja

Weka mikrofaradi 47, volti 450. Ya kwanza baada ya EZ80 (valvu inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) isizidi 50. Zile kubwa za televisheni za chogo zitaiumiza valvu hiyo.

5. Washa kupitia balbu

Unganisha balbu ya nyuzi ya wati 60 kwa mfululizo kwenye waya wa umeme wa redio. Ya LED haifai. Iwake kwa nguvu kidogo, kisha ififie. Ikibaki inawaka sana, kuna shoti. Umeme wetu ni volti 230, kwa hiyo kichagua volti kiweke 240 au 245, si 220. Ndani kuna volti 250 na zaidi: zima, chomoa, toa chaji kwa rezista ya kiloomu 10 kabla ya kugusa.

6. Unganisha simu

Tumia tundu za santuri nyuma (PU au TA). Waya wa kushoto na wa kulia kutoka kwenye simu kila mmoja upitie rezista ya kiloomu 1, ziungane, ziingie tundu la sauti. Waya wa ardhi uende kwenye tundu la chesisi. Moduli za bluetooth zinazowekwa ndani siziungi mkono, zinaleta mkwaruzo. Ikivuma, chomoa chaja ya simu kwanza.