Panga njia ya hewa kwanza: kompyuta ya kujiundia kwenye joto la Mtwara

Kabla hujatuma hela Kariakoo ununuliwe prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, chukua kipimajoto cha ukutani ukiweke pale pale kompyuta itakapokaa. Kisome saa tisa alasiri, ukisome tena saa nne usiku. Namba hizo mbili ndizo zitakazoamua ununue kasha gani, feni ngapi, na kama kadi ya picha unayoitamani itafanya kazi bila kuteseka. Mimi naishi Chikongola, kazi yangu ni kuunda na kutengeneza kompyuta, na mteja akija na orodha ya vipuri namwuliza kwanza habari za chumba. Dirisha linatazama wapi? Kuna dari, au ni bati tupu? Mna kiyoyozi au pangaboi?

Nauliza hivyo kwa sababu feni haitengenezi baridi. Inatoa hewa iliyokwisha pata moto na kuingiza ya chumbani, basi. Hakuna kipozeo cha kawaida, kiwe cha feni au cha maji, kinachoweza kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Ukisoma mtandaoni kwamba mtu wa Ujerumani kapima nyuzi 65 kwenye chumba cha nyuzi 21, wewe mwenye chumba cha nyuzi 32 hesabu 76 au karibu na hapo, kwa vipuri vile vile na feni zile zile. Panga kwa miezi ya kaskazi, Novemba mpaka Machi. Ukipanga kwa hali ya Julai, kusi linapovuma na usiku watu wanajifunika, Desemba itakuumbua. Wenzetu wa Newala, huko juu kwenye uwanda wa Makonde, wana nafuu ya joto, ila vumbi lao la kiangazi si la kudharau.

Hesabu ya joto

Wati zote zinazoingia kwenye kompyuta hutoka kama joto. Chukua mashine ya mtu anayehariri video: prosesa ya Core i5-12400, ambayo Intel imeiandikia wati 65 za msingi na 117 ikikimbia kwa nguvu zote, pamoja na kadi ya RTX 3060 ya wati 170. Ongeza madabodi (bodi kuu), RAM, diski na zinazopotelea kwenye pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, utavuka wati 300 wakati wa kurenda, yaani kompyuta ikiitoa video iliyokamilika. Binadamu aliyekaa ametulia hutoa joto la wati kama 100, kwa hiyo ni sawa na kukaribisha wageni watatu chumbani wasioondoka mpaka kazi iishe.

Kuondoa wati 300 huku hewa ikipanda nyuzi 10 tu kati ya kuingia na kutoka, unahitaji lita 25 hivi za hewa kila sekunde. Kwenye maboksi ya feni kipimo huandikwa CFM, yaani futi za ujazo kwa dakika, na lita hizo ni kama CFM 53. Ukitaka hewa ipande nyuzi 5 badala ya 10, hewa lazima iwe mara mbili. Sasa feni nzuri ya milimita 120 utaikuta imeandikwa CFM 50 au 60, lakini hiyo imepimwa ikiwa wazi, haina chujio, wavu wala nyaya mbele yake. Ikishafungwa ndani ya kasha, mimi huhesabu nusu. Ndiyo maana msingi wangu ni feni mbili za kuvuta mbele na moja ya kutoa nyuma. Feni ya nne inasaidia kidogo, ya tano mara nyingi ni mapambo.

Kupunguza wati kunasaidia kuliko kuongeza feni. RTX 4060 ni wati 115. Ukiichagua badala ya ile ya 170, umeondoa wati 55 kabla hujanunua hata skrubu. Kama kadi ya 170 unayo tayari, programu ya MSI Afterburner inakuruhusu kuishushia kikomo cha umeme mpaka asilimia 80, na kasi inayopotea huwa ndogo ukilinganisha na joto linalopungua.

Kasha na mahali pa feni

Makasha yenye kioo mbele na taa za rangi yanavutia, najua. Lakini kioo hakipitishi hewa. Feni za mbele zinabaki kuvuta kupitia upenyo mwembamba wa pembeni, zinapiga kelele na hazileti kitu. Nunua kasha lenye wavu mbele, na kioo kama unakipenda kiwe ubavuni. Muuzaji akikutumia picha ya ubavu peke yake, mwombe ya mbele. Mwulize pia vipimo viwili: urefu wa kipozeo cha prosesa kinachoingia, kwa sababu vile vya mnara vyenye feni ya milimita 120 mara nyingi hufika milimita 150 mpaka 160 kwenda juu, na urefu wa kadi ya picha ukishaondoa unene wa feni za mbele. Kurudisha mzigo Dar kwa basi, zaidi ya kilomita 500, kwa sababu ya milimita tano, ni hasara inayouma.

Hewa iwe na njia moja: iingie mbele chini, ipite kwenye kadi ya picha na prosesa, itokee nyuma juu. Kipozeo cha mnara kifungwe feni yake ikisukuma kuelekea nyuma ya kasha, ili feni ya nyuma iipokee ile hewa na kuitoa. Kujua feni inapuliza wapi, angalia upande wenye vile vyuma au plastiki zinazoshikilia mota katikati. Kwa kawaida hewa hutokea upande huo. Feni ya juu, ukiiweka, ikae nyuma karibu na prosesa. Ikikaa juu mbele inaiba hewa mpya kabla haijafika popote.

Pawa saplai ya chini feni yake itazame chini, ilimradi kasha lina miguu na liko juu ya meza au stuli. Kwenye zulia au sakafu yenye mchanga, ambayo kwa nyumba zetu karibu na bahari ndiyo hali ya kila siku, itameza uchafu mchana kutwa. Nyuma ya kasha acha nafasi ya kiganja kabla ya ukuta, na usiliingize kwenye kabati la meza la kufungwa.

Wengi huniuliza kuhusu kipozeo cha maji. Kwa prosesa ya daraja la i5 sikishauri huku kwetu. Rejeta yake nayo inapozwa na hewa hii hii ya nyuzi 32, na pampu ikifa prosesa inabaki bila kinga mpaka kifaa kifike kutoka Dar. Kipozeo cha mnara feni yake ikifa, unafunga nyingine kwa waya mbili na kazi inaendelea jioni hiyo hiyo.

Chumvi, unyevu na vumbi

Hapa ndipo Mtwara na Lindi tunapoachana na miongozo iliyoandikwa kwa watu wa nchi za baridi. Chumvi ya baharini ikishatua juu ya madabodi, huanza kunyonya maji kutoka hewani unyevu ukivuka asilimia 75 hivi, na usiku wa mwambao unavuka hapo mara nyingi. Tope hilo la chumvi, lisiloonekana kwa macho, ndilo linalokula miguu ya vifaa vidogo. Nikifungua kasha lililokaa dirisha la upande wa bahari pale Shangani, kwanza natazama vichwa vya skrubu na ukingo wa bati nyuma kwenye matundu ya USB. Kutu ikianzia hapo, ndani nako nitakuta kitu cheupe kama unga kwenye soketi.

Kwa hiyo kasha lisitazamane na dirisha la bahari. Liweke ukuta wa pembeni, hewa ilifikie baada ya kuzunguka chumbani. Na iwashe mashine angalau kidogo kila siku, maana bodi yenye uvuguvugu hukausha hewa inayoigusa. Iliyozimwa wiki nzima msimu wa mvua ndiyo inayooza. Ikizimwa ifunike kwa kitambaa cha pamba, si nailoni, na ukiwasha kitambaa kitoke chote.

Wenye kiyoyozi nanyi mna lenu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 80 hutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 kushuka chini. Ukizima kiyoyozi chumba kikiwa nyuzi 20, mashine nayo ikawa imezimwa na kupoa, kisha ukafungua dirisha, bati la kasha litalowa kama chupa ya soda. Lipe muda lirudi kwenye joto la chumba ndipo uwashe. Na mdomo wa kiyoyozi usilipulizie kasha moja kwa moja.

Kuhusu vumbi, dawa ni kuingiza hewa nyingi kidogo kuliko inayotolewa. Kasha likijaa hewa, inatafuta kutokea kwenye kila mwanya. Likiwa na njaa ya hewa, kila mwanya unavuta, na mwanya hauna chujio. Feni mbili za mbele zenye machujio na moja ya nyuma inayozunguka taratibu zinakupa hali hiyo. Kipande cha chandarua mbele ya wavu kinazuia mende na mijusi, na mijusi wanapenda sana joto la pawa saplai, lakini vumbi linapita. Soksi ya nailoni inazuia vumbi, ila inaziba hewa mapema. Ukiitumia ifue kila wiki.

Jaribu kwa udi

Mashine ikishafungwa, washa kijiti cha udi, cha kijiti, si cha chetezo. Iendeshe mashine kwa kazi nzito, sogeza kijiti mbele ya kasha kwa umbali wa vidole vinne, na angalia moshi. Mbele unatakiwa kunyooka na kuingia. Nyuma unatakiwa kusukumwa mbali. Pitisha kwenye mianya ya juu, kwenye matundu ya USB, kwenye vifuniko vya nafasi za kadi: moshi ukiinama kuelekea nje, vizuri, ukinyonywa ndani, feni za kutoa zimezidi. Usikae sana, sekunde chache kila mahali, kwa sababu moshi wa udi una mafuta, na majivu yasidondokee ndani.

Kijana mmoja anayehariri video za harusi aliniletea mashine yenye feni sita. "Dada, feni zote hizi na bado inachemka, tatizo nini?" Tukawasha udi. Moshi uliingia mbele vizuri, ukapanda, ukakunja kona na kutokea juu mbele, haukufika hata kwenye kipozeo. Tukaichomoa ile feni ya juu mbele, tukaziba tundu kwa karatasi ngumu na gundi ya karatasi. Prosesa ilishuka nyuzi nne palepale, na feni tukaihifadhi.

Baada ya udi, pima kwa namba. Tumia programu tatu: HWiNFO itakuonyesha joto, Cinebench itachosha prosesa, FurMark itachosha kadi. Fanya saa tisa alasiri, si usiku, kwa nusu saa nzima, mlango ukiwa kama unavyoufunga siku zote. Ile i5-12400 kikomo chake ni nyuzi 100 na RTX 3060 ni 93, na zikifika hapo hupunguza kasi zenyewe. Mimi huridhika nikiona prosesa haivuki 85 na kadi haivuki 80. Ikizidi, kabla hujanunua chochote fungua kifuniko cha ubavuni. Joto likishuka sana, njia ya hewa ndiyo tatizo. Lisiposhuka, tazama kipozeo: kimekaza sawasawa pande zote? Pesti, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, ipo, tone la ukubwa wa punje ya choroko? Karatasi ya plastiki chini yake ilitolewa? Hiyo plastiki naikuta mara nyingi kuliko unavyodhani.

Kasi ya feni ipangie ndani ya BIOS, ile sehemu ya mipangilio unayoifungua kabla Windows haijawaka. Tumia feni za pini nne, zinatii vizuri zaidi. Kwa hewa yetu, usiziache zilale kabisa: za mbele zianze asilimia 50, ya nyuma 40, zipande pamoja kuanzia nyuzi 60 na kufika mwisho kwenye 80.

Machujio yasafishe kila mwezi, na kila wiki msimu wa korosho kama nyumba yako iko njia ya malori. Ndani pulizia kwa blowa kabla kaskazi haijaanza: zima, chomoa waya wa umeme, toa mashine nje barazani, shika panga la feni kwa kidole lisizunguke wakati unapuliza. Pesti ibadilishe joto likianza kupanda bila sababu nyingine. Na ukiagiza vipuri, agiza feni moja ya ziada ya ukubwa ule ule, yenye beringi za gololi au za mafuta, kwa sababu zile za bei ya chini zenye bushi hukauka mapema kwenye joto, hasa zikifungwa kwa kulazwa, uso ukitazama juu au chini.