Jinsi ya kulinganisha nguvu za programu mbili za sataranji

Swali la programu ipi ina nguvu zaidi limejibiwa hapa jukwaani mara nyingi mno, na karibu kila mara anayeuliza huja na matokeo ya michezo michache aliyoichezesha kwenye kompyuta yake akitaka tuyathibitishe. Nimeona ni heri niandike utaratibu wote mahali pamoja, ili mwenye swali asome kwanza.

Hatua ya 1. Pakua programu zote mbili, na uhakikishe kwamba zinatumia itifaki ya UCI, lugha ya pamoja ya kuwasiliana na programu za sataranji.

Hatua ya 2. Pakua cutechess-cli au fastchess, ambazo kazi yake ni kuzichezesha programu hizo na kuandika matokeo.

Hatua ya 3. Sawazisha mazingira. Kila upande upewe saa ileile, Hash (kumbukumbu ya kuhifadhi mahesabu) ileile na Threads (nyuzi za prosesa) 1, na Ponder ifungwe ili programu isifikiri wakati wa zamu ya mwenzake. Ikiwa prosesa yako ina viini vinne, chezesha michezo mitatu kwa wakati mmoja na kiini kimoja ukiachie mfumo wa kompyuta. Usitazame video wala kufungua kivinjari pambano likiendelea.

Hatua hii si ya kupuuzwa, na ushahidi wake umo katika pambano maarufu kuliko yote ya aina hii. Desemba 2017, kampuni ya DeepMind ilitangaza kwamba programu yake, AlphaZero, imecheza na programu ya Stockfish 8 michezo 100, ikashinda 28, ikatoka sare 72 na haikupoteza hata mmoja. Hiyo ni asilimia 64 ya alama, yaani tofauti ya Elo (kipimo cha nguvu za wachezaji) 100 hivi. Wajuzi walilalamika kwamba Stockfish ilipewa Hash ya GB 1 tu, na kwamba dakika moja kwa kila hatua ya kusogeza kete iliinyima uwezo wake wa kugawa muda. Katika makala ya 2018 Stockfish 8 ilipewa Hash ya GB 32, na kila upande ukapewa saa 3 pamoja na sekunde 15 kwa kila hatua. Katika michezo 1,000, AlphaZero ilishinda 155, ikapoteza 6, na iliyobaki ikawa sare. Ukipiga hesabu utapata Elo 52 hivi. Ushindi ulibaki kuwa wa AlphaZero bila shaka yoyote, lakini ukubwa wake ulipungua karibu nusu pale masharti yalipobadilika.

Hatua ya 4. Tumia faili la nafasi za kuanzia, na kila nafasi ichezwe mara mbili kwa kubadilishana rangi. Programu mbili zikianza kila mara kwenye ubao wa kawaida hurudia njia zilezile, na utadhani una michezo 500 kumbe una michache iliyonakiliwa. Kubadilishana rangi nako ni lazima, kwa sababu Nyeupe ina faida ya kuanza, na nafasi nyingine huegemea upande mmoja waziwazi.

Amri kamili ni hii (tc=10+0.1 ni sekunde 10 kwa mchezo pamoja na sekunde 0.1 kwa kila hatua):

cutechess-cli -engine name=A cmd=./A -engine name=B cmd=./B -each proto=uci tc=10+0.1 option.Hash=64 option.Threads=1 -openings file=nafasi.epd format=epd order=random -games 2 -rounds 500 -repeat -concurrency 3 -pgnout matokeo.pgn

Hatua ya 5. Amua idadi ya michezo kabla ya kuanza, na usiibadilishe. Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa, kwa hiyo naomba pasomwe taratibu.

Matokeo yoyote yana wigo wa kosa, na wigo huo hupungua polepole kuliko watu wanavyodhani. Tuchukue programu mbili zinazokaribiana, ambazo nusu ya michezo yao huisha kwa sare. Kwa uhakika wa asilimia 95, michezo 20 inakupa wigo wa Elo 108 hivi juu na chini, michezo 100 inakupa 48, michezo 1,000 inakupa 15, na michezo 10,000 inakupa 5. Kuugawa wigo kwa kumi kunadai michezo mara mia. Ukiona mtu anadai toleo jipya limeongezeka Elo 10 kwa michezo 100, ujue hajathibitisha lolote.

Onyo la kwanza: usikatishe pambano kwa sababu programu unayoipenda imetangulia. Matokeo hupanda na kushuka, na anayesimamisha pambano kileleni hupima bahati. Onyo la pili: usirudie pambano mpaka lipatikane jibu unalolitaka, kisha ukatuletea lile la mwisho peke yake.

Hatua ya 6. Andika matokeo pamoja na wigo wake na masharti yote.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama: Nimechezesha michezo 10, A imepata alama 6 na B 4. Je, A ni bora?

Jibu: Haijulikani. Soma Hatua ya 5.

Mwanachama: Lakini asilimia 60 ni Elo 70, umesema mwenyewe hesabu ipo.

Jibu: Hesabu ipo, na wigo wake kwa michezo 10 ni kama Elo 150. Sabini imo ndani ya wigo huo, na sifuri pia imo.

Mwanachama: Shikamoo mwalimu. Nina laptopu moja tu, siwezi kufikia michezo 10,000. Hakuna njia fupi ya haki?

Jibu: Marahaba, na swali lako ni zuri sana. Ipo, nayo ni kipimo cha SPRT, ambacho msingi wake uliwekwa na mwanatakwimu Abraham Wald. Unatangaza dhana mbili mapema, kwa mfano kwamba tofauti ni Elo 0 au ni Elo 5, na programu inakokotoa baada ya kila mchezo ni dhana ipi inayoungwa mkono zaidi. Ukikubali kosa la asilimia 5 kila upande, kipimo husimama namba yake, iitwayo LLR, ikifika 2.94 au -2.94. Hapa kusimama mapema kunaruhusiwa, kwa sababu kanuni ya kusimama iliwekwa kabla. Fishtest, mfumo wa kujaribia mabadiliko ya Stockfish tangu 2013, hutumia njia hii. Ongeza -sprt elo0=0 elo1=5 alpha=0.05 beta=0.05 kwenye amri, na uongeze -rounds ili pambano lisiishe kabla ya kipimo. Ikiwa tofauti ni kubwa, jibu litakuja upesi. Ikiwa ni ya Elo 2 au 3, jiandae kusubiri.

Mwanachama: Naweza kuweka A kwenye simu na B kwenye kompyuta?

Jibu: Hapana. Hatua ya 3.

Mwanachama: Nimeona nikiongeza muda wa kufikiri, tofauti kati ya A na B inapungua. Je, A inadhoofika?

Jibu: Haidhoofiki. Muda ukiongezeka, zote mbili hukosea mara chache zaidi, na michezo mingi huishia sare, kwa hiyo alama husogea kuelekea asilimia 50. Ndiyo maana siku hizi wapimaji hupenda nafasi za kuanzia zisizo sawa, ambamo upande mmoja umebanwa tangu mwanzo: aliye bora hushinda akiwa na faida na kuokoa sare akibanwa. Jaribu faili la aina hiyo, nawe utuletee matokeo hapa, ningependa kuyaona.

Mwanachama: Stockfish ina zaidi ya 3,500 kwenye orodha, mchezaji Magnus Carlsen alifikia 2,882. Tutoe tu namba hizo tupate pengo?

Jibu: Usitoe. Elo hupima tofauti kati ya wanaochezeana. Carlsen alipata 2,882 mwaka 2014 akicheza na binadamu, na namba za programu hutokana na programu kuchezeana zenyewe. Kwamba mashine ina nguvu zaidi hakuna anayebisha, ila pengo halisi halipatikani kwa kutoa namba za orodha mbili.

Mwanachama: B imepoteza sana kwangu, ingawa kwenye CCRL, orodha ya nguvu za programu, inakaribiana na A. Nimefuata hatua zote.

Jibu: Fungua matokeo.pgn na utafute michezo iliyopotezwa kwa kuishiwa na muda. Programu nyingine hazimudu saa fupi za sekunde 10. Ikiwa imo mingi, rudia pambano kwa tc=60+0.6, kisha utupe idadi ya michezo hiyo katika mapambano yote mawili.