Kupanga safari ya Mahale kutoka Kigoma mjini

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale ina eneo la kilomita za mraba 1,613, na ukishaingia hakuna barabara ya gari: watu hufika kwa boti au ndege, kisha hutembea kwa miguu. Anayekwenda kwa boti aipange ratiba yake kwa kufuata hali ya Ziwa Tanganyika.

1. Mwezi. Agosti hadi Oktoba ndiyo miezi tunayoipendekeza. Njia zimekauka na sokwemtu hushuka karibu na ufuko. Machi na Aprili utelezi ni mkali, na unaweza kupanda mlima saa nyingi bila kuwaona.

2. Siku. Tenga usiku tatu hifadhini, maana usiku mmoja ni kucheza bahati nasibu. Ongeza siku ya akiba Kigoma kwenda na kurudi. Treni ya kupitia Tabora huchelewa, na ziwa nalo huchafuka.

3. Malipo. Omba namba ya malipo TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania), ulipe kwa benki au simu ukiwa bado mjini, kisha chapisha risiti. Usitegemee mtandao wa simu huko mbele.

4. Boti. Hapa ndipo safari nyingi huharibikia. Mwendo ni kama kilomita 120 kuelekea kusini, na kiangazi upepo wa kusi unakuja usoni. Injini inakula mafuta mengi wakati wa kwenda kuliko wa kurudi, kwa hiyo nahodha anayepiga hesabu ya safari ya kurudi na kuizidisha mara mbili atakwama njiani. Piga hesabu ya kwenda, izidishe mara mbili, kisha ongeza theluthi ya akiba. Kama injini ni ya kuchanganya oili kwa uwiano wa 50 kwa 1, dumu la lita 20 za petroli linataka mililita 400 za oili. Ikipungua, injini inakauka na kukwama.

Ondokeni alfajiri, kabla upepo haujapanda, na muambae pwani. Kila abiria ajaribu jaketi okozi lake nchi kavu: afunge kamba zote, mwenzake alivute juu kwa kushika mabegani. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno, majini litamvuka. Mawimbi yakianza kuvunjika meupe, ingieni ghuba ya karibu mngoje.

5. Chakula. Ukilala kwenye mabanda ya hifadhi, nunua kila kitu Kigoma: mchele, maharage, dagaa, mafuta, chumvi, viberiti. Mbebe vyote kwenye ndoo zenye mifuniko, kwani mifuko hulowa. Taka zirudi nanyi mjini.

6. Siku ya sokwemtu. Kundi la sokwemtu liitwalo M limezoea watu kutokana na utafiti ulioanzishwa na Wajapani mwaka 1965. Utakaa nalo saa moja tu, umbali wa mita 10, barakoa usoni, bila kula chochote. Sokwemtu wakikusogelea, rudi nyuma taratibu. Magonjwa yetu ya njia ya hewa huwaua. Mwaka 2006 mlipuko wa namna hiyo uliwamaliza kadhaa katika kundi hilo. Mwenye mafua au kikohozi, hata kidogo, amweleze askari usiku uliotangulia, abaki kambini wenzake wakipanda.