Riesling kavu ya Ujerumani: jinsi ya kuionja na cha kula nayo

Wakuu habari za jioni. Kuna mdau kanunua Riesling, hii waini nyeupe ya zabibu, kwa hela yake, kaonja, kamwaga kwenye sinki, anasema imechacha. Haijachacha mkuu, ndo ilivyo. Mimi niko Mainz, huku Ujerumani, mwaka wa saba huu, napiga kazi jikoni kwenye mgahawa na hizi chupa zinapita mikononi kila siku, so twende taratibu.

Hatua ya 1, soma lebo kabla hujatoa hela. Tafuta neno trocken, yaani kavu, sukari karibu yote imeliwa na hamira ikawa kilevi. Sheria inaruhusu gramu 4 za sukari kwa lita, au mpaka 9 kama uchachu nao uko juu, na Riesling uchachu ndo asili yake kwa hiyo usishangae ukikuta 6 au 7. Halbtrocken na feinherb zina utamu zaidi. Lebo isiposema kitu angalia kilevi, asilimia 8 au 9 mara nyingi ni tamu, 12 kwenda juu mara nyingi ni kavu.

Hatua ya 2, ipoze ila usizidishe. Nyuzi 8 mpaka 10 inatosha, itoe kwenye friji robo saa kabla. Ikiwa barafu harufu inajificha unabaki na uchachu peke yake, nahisi ndo kilichomponza mdau wetu.

Hatua ya 3, mimina theluthi ya glasi, zungusha, nusa. Za Mosel, kule mizabibu inaning'inia kwenye miteremko ya mawe ya sleti, zinanukia ndimu na epo la kijani. Pfalz, eneo lingine la mizabibu, kuna joto zaidi, unakutana na pichi. Ikikaa miaka chupani inaweza kutoa harufu ya petroli, usiogope hakuna aliyetia mafuta, inajitengeneza yenyewe na kuna watu wanailipia hela nzuri. Mimi bado inanikumbusha kibatari cha bibi.

Hatua ya 4, piga fundo dogo, lizungushe mdomoni, usikimbilie kumeza. Mate yakijaa pembeni mwa ulimi huo ndo uchachu, sasa meza uone ladha inakaa muda gani. Nzuri inakaa mpaka unasahau kuongea.

Hatua ya 5 chakula, na hapa ndo somo lenyewe. Chakula chochote ambacho mkono wako ungeenda kutafuta ndimu, weka hii waini. Schnitzel, ile nyama bapa ya kukaanga yenye chenga za mkate, huku inaletwa na kipande cha limau pembeni, Riesling inafanya kazi ile ile ya kukata mafuta. Samaki trauti wa kukaanga kwenye siagi, safi. Spargel, zile asparagasi nyeupe ambazo msimu wake unafungwa tarehe 24 Juni na watu wanazila kama wamerogwa, na mchuzi wake wa siagi na mayai, safi kabisa. Na siku ya ofu nilikaanga kitimoto, chumvi na tangawizi tu, ndimu niliyokata ilibaki kwenye sahani mpaka asubuhi. Ila steki ya ng'ombe achana nayo, na keki ndo kabisa, ukila kitu kitamu kisha ukinywa hii utadhani siki.

Maswali ya wadau

Swali: Mkuu yangu imeandikwa Spätlese nikaambiwa hizo ni tamu, mbona kali?
Jibu: Hilo neno linaongelea zabibu zilivyoiva shambani, halisemi sukari iliyobaki chupani. Cheki lebo, huenda kuna trocken.

Swali: Chini ya chupa kuna vitu kama chumvi ya mawe, nimeuziwa feki?
Jibu: Hapana, ni asidi ya zabibu imeganda kwa baridi. Haina madhara, mimina polepole tu ibaki chini.

Swali: Vipi na pilau?
Jibu: Pilau inakubali, tatizo ni kachumbari yenye pilipili. Kilevi kinachochea moto na uchachu haukusaidii, siku hiyo nunua halbtrocken, ule utamu kidogo unapooza.

Swali: Nina vidonda vya tumbo naweza kujaribu?
Jibu: Dada hapo hapana, muulize daktari wako kwanza.

Swali: Chupa ikifunguliwa inakaa siku ngapi?
Jibu: Funga vizuri rudisha kwenye friji, siku 3 mpaka 4. Kwangu haijawahi kufika huko.