Kuitangaza biashara ya mtaji wa mfukoni kwa waanzilishi wenzako bila kuwa mpiga debe

Kabla hujaandika neno, jiulize kama mnunuzi wako yumo kwenye majukwaa ya mtandaoni ya waanzilishi. Indie Hackers, Hacker News na jumuiya za Reddit kama r/SaaS na r/SideProject zimejaa watu wanaotengeneza programu. Ukiuza chombo cha kupima kasi ya tovuti, mnunuzi yumo. Ukiuza programu ya kupanga miadi ya madaktari wa meno, hayumo: utapata ushauri na wakosoaji wazuri, lakini wateja katafute kwingine. Wengi hulikosea hili, kisha hulaumu maandishi yao.

Chagua majukwaa mawili, si sita, na usome sheria zake zote. Reddit haina sheria moja ya matangazo. Kila jumuiya ina yake. Nyingine hutaka matangazo yote yakae kwenye uzi mmoja maalumu, nyingine huzuia akaunti changa au zenye karma ndogo, yaani alama unazopata watu wakikupigia kura. Roboti ya AutoModerator inaweza kuondoa chapisho bila wewe kuarifiwa. Kwa hiyo ukishachapisha, toka kwenye akaunti, fungua orodha ya machapisho mapya ya jumuiya hiyo na ulitafute lako. Kama halimo, mwandikie msimamizi ujumbe mmoja wa adabu. Kulichapisha tena mara tatu ndiko kunakofungisha akaunti.

Wiki tatu au nne za mwanzo ni za kujibu tu, nusu saa kwa siku. Reddit iliwahi kuwa na kanuni ya tisa kwa moja: mchango mmoja wa kujitangaza kwa kila tisa isiyokuhusu. Watu waliigeuza hesabu ya kitoto, wakaandika “hongera sana” mara tisa, kisha wakaweka kiungo. Msimamizi akifungua historia ya akaunti yako huyaona yote hayo kwa dakika moja.

Jibu linalojenga jina lina kipimo ndani yake. Tuseme mtu analalamika kwamba watu wanajisajili kujaribu bidhaa yake lakini hawalipi. Usimwambie ajaribu ya kwako. Mwambie awatenganishe waliofika kwenye manufaa ya kwanza na wasiofika: kama kati ya 100 waliojisajili ni 12 tu walioingiza data yao, asiguse bei kwanza, atazame hatua ya kuingiza data. Kama 80 waliingiza na wakalipa 2, hapo ndipo bei na ahadi ya bidhaa vichunguzwe. Bidhaa yako ikiwa kweli ndiyo jibu, itaje, lakini “hiki nimekitengeneza mimi” itangulie kiungo, isije nyuma yake. Taja na njia ya bure ya kufanya kazi hiyohiyo kama ipo. Marekani, miongozo ya FTC, mamlaka ya kulinda walaji, inataka anayesifu bidhaa aeleze wazi uhusiano wake nayo. Na hata pasipo sheria, msomaji akigundua mwenyewe, umekwisha.

Sasa chapisho lako mwenyewe. Liwe na faida hata kwa asiyebonyeza chochote. Kichwa kiseme jambo lililotokea, si sifa: “Tuliondoa mpango wa bure, haya ndiyo yaliyofuata” kinasomeka, “Chombo bora cha waanzilishi” hakisomeki. Aya ya kwanza itoe matokeo, zifuate hatua ulizopita, yaliyoshindikana na sababu zake. Kiungo kimoja kinatosha, mwishoni.

Takwimu ndizo zinazowaponza watu. Wasomaji hawa hupiga hesabu. Ukisema una wateja 40 wanaolipa dola 19 kwa mwezi, mapato ni dola 760. Ukiandika “karibu elfu moja” utaulizwa pengo limetoka wapi. Malipo ya mara moja kwa matumizi ya maisha usiyaingize kwenye mapato ya kila mwezi. Tenganisha mapato na faida, taja gharama za seva na ada za malipo, na useme wangapi wameacha. Namba ndogo haina aibu hapa. Majina ya wateja yasitoke bila ruhusa yao.

Hacker News ina ukali wake. Kichwa cha chapisho la kuonyesha bidhaa yako huanza na “Show HN:”, na lazima kuwe na kitu cha kujaribu. Ukurasa wa kuandikisha barua pepe za wanaosubiri haukubaliki. Ondoa usajili wa lazima ukiweza. Andika maoni ya kwanza mwenyewe: kinafanya nini, umekijengaje, wapi bado kibovu. Usiwaombe marafiki kura, maana mfumo huzitafuta kura za kupangwa. Maoni yaliyoandikwa na akili bandia nayo yamekatazwa. Product Hunt, tovuti ya kuzindua bidhaa mpya, huanza siku yake saa 00:01 za Pasifiki, yaani 07:01 UTC majira ya joto ya Marekani na 08:01 majira ya baridi; huko pia omba maoni, si kura.

Siku ya kuchapisha usipange kazi nyingine kwa saa sita hivi. Mkosoaji mkali mjibu kwa kukubali kilicho kweli, kisha useme utabadilisha nini au kwa nini hutabadilisha. Akaunti ya pili ya kujisifu hunaswa kwa mtindo wa uandishi na saa za kuchapisha, na huyo mkosoaji ndiye atakayeinasa.

Kupima, weka alama ya UTM (maneno yanayoongezwa mwishoni mwa kiungo kuonyesha mgeni ametoka wapi) tofauti kwa kila jukwaa, na kwenye usajili uliza “ulitujuaje?”, kwa sababu programu za simu mara nyingi hupoteza asili ya mgeni. Wingi wa wageni wa siku ya kwanza usikulevye. Hesabu waliolipa baada ya siku 30. Na uliyoahidi kurekebisha yakishakamilika, rudi kwenye uzi uleule umjibu aliyeyalalamikia, hata kama ni miezi miwili baadaye.